Barabara ya Mwaka Elfu Mbili

Tabora,
14 Machi 1971

Ndugu yangu Kingori,

Nakuamkia kutoka huku kwenye joto, nikiamini kwamba huko kwenu umande bado unalowesha viatu vya watu mpaka saa nne. Mimi ni mzima, isipokuwa kifua, ambacho nimekizoea kama mtu anavyomzoea jirani mwenye kelele. Wewe je? Na mkeo Watiri, na goti lake?

Mama alimwandikisha mwalimu wa madrasa barua, akanipa habari kwamba umechaguliwa kansela, yaani diwani, wa Giakanja, na juu ya hayo umewekwa mwenyekiti wa ile kamati ya miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, ya kupanga barabara za siku zijazo. Nilicheka peke yangu ofisini hata karani wangu akanitazama. Nilikumbuka mkokoteni wa baba yako, mzee Ngatia, jinsi ulivyotushinda kwenye mteremko wa Chania tukaishia mtoni pamoja na ng'ombe. Aliyeshika kamba ulikuwa wewe. Leo umekabidhiwa malori ya nchi nzima! Mungu awahurumie wenye malori.

Sasa neno langu. Mwaka 1973 nitastaafu reli. Itakuwa miaka ishirini tangu siku ile nilipoambiwa nichague kizuizi au uhamisho wa Tabora. Nataka kurudi nyumbani, na ninaposema nyumbani sisemi Nyeri kwa jumla. Nataka chumba cha mbele katika nyumba ya Mama pale Majengo, kile chenye dirisha la kutazama Mlima asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Mama amepita sabini. Muda wote huu nimekuwa mwanawe kwa barua tu, nami nataka kuwa mwanawe kwa kuchota maji na kuwasha moto.

Tena yupo binti yangu Kibibi, niliyemwachia Mama. Alipofariki kwa surua mwaka 1956 niliomba ruhusa ya kusafiri, nikanyimwa. Hali ya Hatari ya wakoloni haikujua watoto. Mama aliniandikia maneno mawili: "Tumemlaza pazuri." Sikuuliza zaidi, kwa kuwa sikuweza. Nikirudi nitakwenda huko makaburini nyuma ya msikiti, Mama anionyeshe, nikae naye kidogo.

Nakuomba tu uyatazame madebe ya paa upande wa jikoni. Mama anasema yanavuja, na Mama akisema panavuja ujue panamwagika.

Ndugu yako wa kunyonya,
Rashid


Giakanja,
2 Mei 1971

Rashid, mwana wa mama,

Huku tuko. Mvua imekuja kwa wakati wake, Watiri anavuna viazi, na goti lake linalalamika kuliko yeye. Hicho kifua chako kipeleke hospitali, usijifanye kijana wa reli. Kiswahili changu utakisamehe. Tangu niondoke Majengo kimeota kutu, siku hizi niko na mdomo wa mlimani kabisa.

Paa nimelitengeneza mwenyewe. Mama alisimama chini akinielekeza mpaka nikatamani kuanguka.

Kuhusu kamati, usicheke sana. Tumeambiwa tutazame mbele hadi mwaka elfu mbili. Watoto wanaozaliwa leo watakuwa na watoto wao. Chai ya Kangari, kahawa ya Tetu, maziwa, viazi, mbao, vyote vitataka njia, na njia iliyopo inapita katikati ya mji mbele ya soko. Lori moja likiharibika, Nyeri nzima inasimama kulitazama. Kwa hiyo tunataka barabara pana ya kuuzunguka mji, tuitengee nafasi yake sasa kabla watu hawajajenga. Nakwambia kweli, ndugu yangu, ni kazi inayonipa usingizi mzuri. Wewe na mimi tulikua tukipishana na barabara zilizochorwa na watu wasiotuuliza. Leo rula tunaishika wenyewe.

Lakini rula ilipowekwa kwenye ramani, ilipita juu ya safu ya mwisho ya Majengo. Nyumba ya Mama iko katikati kabisa.

Nilisema kwamba nyumba hiyo ni ya mama yangu. Hezekiah, kansela wa Kangari, akashangaa. "Mwenyekiti, wewe mtu wa kanisa, uko na mama Majengo?" Nikawaeleza wote: aliyenizaa, Wakonyo, alikufa wiki ile niliyozaliwa, mwaka wa homa kubwa, na baba akanibeba ndani ya koti mpaka kwa mwanamke mmoja Mwislamu, Zabibu, aliyekuwa na mtoto mchanga. Akaniweka ziwa la kushoto, wewe ukiwa la kulia. Hezekiah akasema, "Basi hapo ndipo shida iko. Tukikwepesha barabara, watu watasema ati mwenyekiti amekwepesha nyumba ya mamake." Na ni kweli, watasema.

Nilikwenda kumwambia Mama. Alikuwa akipepeta mchele. Akaniuliza, "Hiyo barabara inaanza lini?" Nikamwambia labda miaka kumi, labda ishirini, lakini kiwanja lazima kiwe wazi mapema. Akasema, "Nyinyi watu wa kamati ni hodari. Mnamfukuza mtu leo ili apite mtu ambaye hajazaliwa." Kisha akanipa chai.

Wewe ni mtu wa njia, umefanya kazi na wapimaji. Kama kuna pengine pa kupita, nionyeshe. Lazima iwe sababu ya mlima na mteremko, isiwe sababu ya maziwa.

Ndugu yako wa kunyonya,
Kingori


Tabora,
6 Juni 1971

Ndugu yangu Kingori,

Salamu kwako na kwa Watiri, na kwa Mama mara tatu. Kifua kimetulia, labda kwa sababu nimekaa mezani wiki mbili bila kuvuta vumbi la stesheni.

Mchoro nimeuweka humu ndani. Nimeuchora kwa kumbukumbu, lakini usiudharau kwa hilo. Hakuna ardhi duniani niijuayo kama ile. Nikifumba macho naona kila jiwe tulilojikwaa tukienda mtoni. Tazama: barabara yenu inapanda kwa ukali kwenye safu ya Majengo, halafu inapinda ghafla. Lori lililojaa chai litapumua hapo kama mimi. Yangu inashuka kidogo mashariki, inafuata bega la kilima chini ya Majengo, pale penye nyasi tulipokuwa tukichunga mbuzi wa Mama, kisha inapanda taratibu hadi barabara ya Nanyuki. Mwinuko wake hauzidi moja kwa thelathini, futi moja juu kwa kila thelathini mbele. Haibomoi nyumba hata moja. Shule mnaiacha juu, korongo la mto mnaliacha chini. Makaburi ya nyuma ya msikiti, alipo Kibibi, yako mbali, hayaguswi. Hilo nimelitazama kwanza kabla ya yote, utanielewa.

Hiyo ndiyo sababu yako ya mlima na mteremko. Waonyeshe. Sihitaji jina langu litajwe.

Sitakuficha, nimeuchora kama mtu anayejijengea nyumba. Nilipofika chini ya Majengo niliinua kalamu nikalitazama dirisha langu.

Ndugu yako wa kunyonya,
Rashid


Giakanja,
20 Desemba 1971

Rashid,

Nimechelewa kukuandikia. Nisamehe.

Sisi ni wazima. Mchoro wako ulifika na kamati iliuona. Haukufaa. Barabara itabaki ilipokuwa, juu ya safu ya Majengo.

Mama amehamia kwangu Giakanja tangu Oktoba. Chumba chake kinapata jua la asubuhi. Watiri amemtengea sufuria zake, na kuku akichinjwa tunamwita mtu kutoka Majengo. Hakosi kitu. Nyumba ilivunjwa baada ya yeye kuondoka. Dirisha la chumba cha mbele nililing'oa mimi mwenyewe, ninalo hapa.

Usiniulize zaidi, ndugu yangu. Njoo utakapostaafu. Hapa kwangu ni kwako.

Ndugu yako wa kunyonya,
Kingori


Tabora,
9 Januari 1972

Bwana Mwenyekiti,

Natumaini wewe na kamati yako hamjambo.

"Haukufaa." Nimelitafuta kosa katika mchoro ule kwa usiku na mchana, sijaliona. Nilimwonyesha mpimaji wetu hapa, mtu asiyejua Nyeri wala Mama, naye akasema angefurahi kupewa njia kama ile. Kwa hiyo sababu si mlima wala mteremko. Uliogopa watakachosema watu wa Kangari. Ulipewa rula, na kitu cha kwanza ulichopima ni jinsi utakavyoonekana.

Wananyonyeshwa wawili, mmoja anafukuzwa na wa pili anambomolea mama nyumba. Mtu angenisimulia kisa hiki kwenye treni nisingekisadiki.

Unaniambia kwako ni kwangu. Sitakuja kulala chini ya paa la mtu aliyeling'oa dirisha langu akaliweka stoo. Mama nitamwandikia mwenyewe kupitia kwa mwalimu wa madrasa.

R. Athman
Stesheni ya Tabora


Giakanja,
11 Agosti 1974

Kwa Rashid,

Najua hutanijibu. Naandika kwa sababu Mama amekaa hapa karibu na ananitazama kalamu.

Anasema: yeye hajambo, meno ndiyo yamemuaga. Anasema Giakanja hakuna adhana, lakini huswali adhuhuri kwa kengele ya shule, na Mungu anazijua kengele zote. Anasema umestaafu sasa mwaka mzima na hujaja. Anasema usinikasirikie mimi.

Hilo la mwisho nilitaka nisiliandike, akanishika mkono.

Barabara haijaanza. Vigingi viliwekwa, ng'ombe wakaving'oa, vikawekwa tena. Mkopo tulioahidiwa unazungumzwa bado.

Kingori


Tabora,
27 Machi 1977

Ndugu yangu Kingori,

Baada ya miaka mitano ya kunyamaza sijui salamu ipi inayofaa. Nakusalimu kwa ile ya zamani: umeamkaje, na je, uji umebaki?

Nimezeeka, Kingori. Hasira nayo ilizeeka kabla yangu, nikawa naibeba kwa mazoea tu. Mwezi wa Januari nilifunga virago. Nilisema nitakuja, nitalala popote Mama anapolala, hata kama ni kwako, na wewe na mimi tutagombana tukiwa tumekaa uso kwa uso kama watu wenye heshima. Nilikuwa na tikiti ya mwezi wa Februari.

Unajua kilichotokea Februari. Mpaka umefungwa. Reli tuliyoijenga pamoja imekatwa vipande, kila nchi imechukua chake. Nilikwenda stesheni na sanduku langu, karani mpya akaniambia, "Mzee, hakuna njia ya kwenda Kenya." Nimetumikia njia miaka zaidi ya thelathini, na hilo ndilo jibu nililopewa dirishani.

Barua hii nampa mwalimu mmoja anayekwenda Lusaka, aitie posta ya huko. Mwambie Mama nilikuwa nakuja. Tafadhali mwambie kwa maneno hayo hayo: nilikuwa nakuja.

Ndugu yako,
Rashid


Giakanja,
30 Agosti 1978

Rashid, ndugu yangu, mwana wa mama yangu,

Barua yako ilizunguka Afrika ndipo ikanifikia. Nilimsomea Mama. Aliniomba nimsomee tena pale pa "nilikuwa nakuja." Akaichukua akaiweka chini ya mto.

Kaa chini kabla hujaendelea.

Mama ametutoka tarehe tatu mwezi huu, baada ya alfajiri, akiwa amemaliza kuswali. Watiri alimpelekea chai akamkuta amelala upande kama mtu anayesikiliza kitu. Watu wa Majengo walikuja wote. Wengine walinung'unika nilipotaka kubeba jeneza, kwamba mimi si wa dini. Imamu akawaambia, "Huyu amenyonya kwake. Na yule mwingine amefungiwa na mpaka. Mnataka abebwe na nani?" Nikachukua bega la mbele, la kulia, lililokuwa lako.

Sasa naweza kusema. Alinifunga mdomo mpaka afe, na amekufa.

Mchoro wako ulifaa. Injinia wa kamati aliuweka juu ya ramani, akaufuata kwa kidole, kisha akauliza, "Huyu mtu ako wapi? Tumwandike leo." Hata Hezekiah, ambaye hupinga mpaka saa ya chai, aliupenda. "Tena hapo hakuna kitu," akasema, "ni nyasi tu na mawe mawe." Nilitaka kuimba. Kesho yake tulikwenda kuitembea hiyo njia kwa miguu, mimi, injinia na Hezekiah. Mama akatuona kutoka barazani, akatufuata na bakora yake.

"Mnapima nini hapa?"

"Barabara, Mama. Rashid ndiye ameichora. Nyumba yako imepona!"

Hakufurahi. Alitembea polepole kwenye zile nyasi mpaka mahali penye vijiwe viwili, akasimama. "Makaburi ya msikitini yalijaa wakati wa Hali ya Hatari," akaniambia. "Wewe ulikuwa kizuizini, hukujua. Na Rashid hakuwepo. Tulikuja kuzika huku, bila kumwuliza mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kuulizwa. Huyu hapa ni Kibibi."

Hezekiah, maskini, akamwita kama nyanya yake na kusema kwa nia njema, "Shosho, sisi hatungejua. Hakuna hata msalaba."

Mama akamjibu, "Mwanangu, ulitaka tumwekee msalaba?"

Hezekiah alivua kofia.

Njia ya tatu haikuwapo. Wewe mwenyewe ulisema, juu ni shule na chini ni korongo. Ilikuwa nyumba au kaburi. Mama hakufikiri hata kidogo. "Nyumba ni miti na madebe. Ivunjeni." Nikamwuliza, na Rashid nimwambie nini? Akasema, "Usimwambie kitu. Hakumzika mtoto wake. Asije akajua kwamba alimpitishia malori kifuani kwa mkono wake mwenyewe. Akasirike na wewe, wewe utastahimili. Kwa maziwa uliyonyonya kwangu, Kingori."

Nilistahimili. Si vizuri sana, lakini nilistahimili.

Amelala kando ya Kibibi. Barabara haikujengwa. Mkopo haukuja. Mahali pa nyumba pamebaki wazi, kuna mtu anapanda mahindi.

Ndugu yako wa kunyonya,
Kingori


Tabora,
18 Februari 1979

Ndugu yangu,

Barua yako niliipata mwezi wa Novemba. Nimekaa nayo. Nisamehe kwa ile niliyokuandikia nikakuita Bwana Mwenyekiti. Ichome, kama hujaichoma.

Ninalofikiri kila siku ni hili. Ule mwinuko ulikuwa moja kwa thelathini. Katika maisha yangu sijachora njia bora kuliko ile. Kila jiwe nilikuwa na hakika nalo, na kila jiwe lilikuwapo nilipolikumbuka, isipokuwa mawili, ambayo yaliwekwa baada yangu. Mtu akiondoka kwao hudhani nchi imesimama inamngoja. Kumbe inaendelea kuzika watu wake.

Mama alijua hili, akanitunzia nisilijue. Alilala kwa watu, akaswali kwa kengele ya shule, ili mimi niendelee kujiona fundi.

Umeniambia amelala kando ya Kibibi. Upande upi? Nijibu hilo tu.

Ndugu yako wa kunyonya,
Rashid


Giakanja,
4 Desemba 1983

Rashid, mwana wa mama,

Umesikia? Mpaka umefunguliwa! Watiri amepiga vigelegele jikoni akasahau goti. Barua zangu za katikati sijui ngapi zilikufikia, kwa hiyo nakujibu tena: Mama yuko upande wa chini, wa mtoni. Kibibi yuko upande wa juu, wa Mlima.

Niko na habari ambayo si nzuri. Mimi si kansela tena, lakini ile kamati imefufuliwa. Mwenyekiti ni kijana anaitwa Peterson, amesoma sana, mtu mzuri kwa kweli. Wanatazama tena mwaka elfu mbili, ambao sasa uko karibu zaidi. Njia ile ya juu haiwezekani: kiwanja cha nyumba ya Mama, tulichokihifadhi kwa barabara, kiligawiwa mtu, na leo kuna godauni la mawe. Usiniulize nani aligawa. Basi wakafungua majalada ya zamani, wakauona mchoro wako. Wamefurahi kama injinia yule.

Nilikwenda kwao. Nikasema kuna makaburi. Peterson akafungua vitabu vyake akasema, "Mzee, hayakuandikwa popote. Na tulienda tukaangalia, hakuna kitu. Ni nyasi." Mama tulimzika bila karatasi ya baraza, kwa hiyo kwao hayumo, na wazee waliomzika Kibibi wamekwisha. Nimebaki mimi, na mimi sikuwapo, nilionyeshwa tu.

Wanakutana Aprili. Njoo, Rashid. Neno la aliyeichora njia watalisikia.

Ndugu yako wa kunyonya,
Kingori


Tabora,
15 Januari 1984

Ndugu yangu Kingori,

Utaona mwandiko si wangu wa zamani. Kifua kimenishika tangu Krismasi, na mkono umeamua kukifuata. Lakini nakuja. Daktari anataka nipumzike kwanza. Nitapumzika mpaka Machi, kisha nitapanda basi la Arusha na Namanga. Aprili nitakuwa Nyeri.

Karatasi ya pili humu ni ya kamati. Inasema: mimi Rashid Athman, niliyechora njia hii mwaka 1971, naifuta, niliichora bila kuwepo. Wasomee kama nitachelewa.

Lakini usijali, nitasimama hapo mwenyewe. Wakiniuliza hapa kuna nini, nitakaa chini.

Upande wa Mlima. Nimefurahi. Basi naye analo dirisha.

Ndugu yako wa kunyonya,
Rashid


Giakanja,
29 Aprili 1984

Rashid, ndugu yangu,

Sisi ni wazima. Wewe sijui, na ndiyo sababu naandika tena ingawa barua yangu ya Machi hujaijibu.

Nilikungoja stendi. Utingo wa basi la Nairobi wananijua sasa. "Mzee, leo tena? Huyo mgeni ni wa harusi?" Nawaambia ni ndugu yangu, ni mzee kama mimi, ana kifua, msimharakishe kushuka.

Mkutano ulifanyika bila wewe. Niliwasomea karatasi yako. Walisikiliza kwa heshima, kisha Peterson akasema, "Mzee, tunasikitika, lakini njia haifutwi na aliyeichora. Hii ni nzuri mno." Na nilijua anasema kweli.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa. Watiri alikuwa akipalilia mpaka wetu na jirani. Akanitazama, akasema, "Hao ni watoto wetu. Msalaba hamna, vitabu hamna. Lakini itoka wanaijua."

Unayakumbuka maua yale meupe ya mipaka; mzee Ngatia alitupiga viboko tulipong'oa moja kufanya mpira. Itoka ikipandwa, mtu wetu haing'oi, hata awe amesoma ng'ambo, kwa sababu wazee wamekubaliana hapo na laana iko chini ya mizizi. Tulichimba matoka kwenye mpaka wetu, mimi na yeye na magoti yetu, tukayapeleka Majengo kwenye mkokoteni. Imamu alikuja akatutazama. Nikamwambia, "Hii si dini, ni kwa ajili ya kijana wetu atakayekuja na nyundo ya vigingi." Akakunja mikono ya kanzu akatusaidia.

Wapimaji walikuja Jumanne. Mwenye nyundo alifika kwenye mstari wa matoka, akasimama. Akaweka kigingi chini. "Hii ni itoka," akasema. "Mimi hapa sigusi." Mwenzake akamcheka, akamwambia, "Basi wewe gusa." Naye hakugusa. Wakamwita Peterson. Alisimama hapo muda mrefu na viatu vyake vizuri ndani ya umande.

"Nani amepanda hii, Mzee?"

"Wenye mpaka," nikasema.

"Wako wapi?"

"Wawili wako ndani. Mmoja yuko njiani."

Waliondoka na vigingi vyao. Sasa wanatafuta kwingine, ng'ambo ya mto. Sijui kama ni kwa daima. Ya mwaka elfu mbili niliwahi kuyaahidi, siyaahidi tena.

Tulipopanda, Watiri aliniambia duara ni kubwa mno kwa makaburi mawili. Nikamwambia aendelee kuchimba. Upande wa juu wa Kibibi, kuelekea Mlima, udongo haujaguswa, na asubuhi panaonekana vizuri kabla ya mawingu. Dirisha lako bado ninalo.

Kama kifua kimekuzuia, mwambie mtu akuandikie. Kama ni jambo lingine, mwambie mtu aniandikie mimi.

Basi la Nairobi huingia saa kumi na moja jioni. Kesho nitakuwa pale.

Ndugu yako wa kunyonya,
Kingori